Makaburi Yasiyo na Jina: Somo la Novemba kutoka kwa Wapiga Bluzi



Vijana wenzangu, tumeshaingia Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu wote. Wengi wetu tumeshaandika majina ya babu na bibi zetu kwenye bahasha za nia za Misa. Leo naomba tujifunze kupitia watu ambao pengine hakuna aliyewahi kukuambia uwakumbuke: wanamuziki wa mwanzo wa bluzi na rokenroli kule Marekani. Usishangae, twende taratibu. Mwisho utaelewa nimetokea wapi.

Mimi napiga kinanda kwenye kwaya ya vijana parokiani. Aliyenifundisha ni mzee mmoja ambaye zamani alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya dansi. Jumamosi usiku yuko ukumbini, Jumapili asubuhi yuko kwenye kinanda, macho mekundu. Baadhi ya wanakwaya walimsema sana: eti huyu anamchezea Mungu. Na mimi, kijana wa miaka kumi na sita, nilicheka pamoja nao, halafu jioni nakwenda kwake kujifunza, kama vile sikusema kitu. Siku moja akanionyesha kwenye simu video ya zamani: mama mmoja Mmarekani mweusi, amevaa koti zito, yuko kwenye stesheni ya reli, anapiga gitaa la umeme huku anamwimbia Mungu. Mzee akaniambia, "Mwangalie vizuri huyu. Na yeye walimsema."

1. Sister Rosetta: aliyeimba pande zote mbili

Yule mama ni Sister Rosetta Tharpe. Hilo jina "Sister" lisikuchanganye, hakuwa mtawa. Ndivyo waumini wa kanisa lake la Kipentekoste walivyoitana. Alizaliwa mwaka 1915 huko Cotton Plant, Arkansas. Mama yake, Katie Bell Nubin, alikuwa mhubiri na mwimbaji, na Rosetta alipiga gitaa kwenye mikutano ya injili tangu akiwa mtoto mdogo.

Mwaka 1938 akarekodi na kampuni ya Decca, na akaanza kuimba Cotton Club, ukumbi maarufu wa starehe jijini New York. Nyimbo za Mungu, mbele ya watu wenye glasi mkononi! Watu wengi wa kanisa lake waliumia, wakaona amepotea. Yeye akaendelea. Wimbo wake "Strange Things Happening Every Day" ulishika nafasi ya juu mwaka 1945 kwenye chati ya santuri za watu weusi, na wapo wanahistoria wanaouhesabu miongoni mwa nyimbo zilizoifungulia njia rokenroli. Mwaka 1947, mjini Macon, Georgia, alimpandisha jukwaani kijana wa miaka 14 ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Little Richard. Johnny Cash alimpenda tangu utotoni. Harusi yake ya mwaka 1951 ilifanyika kwenye uwanja wa michezo mjini Washington, na watu zaidi ya 20,000 walikata tiketi kuja kuiona. Ile video ya stesheni ilipigwa Manchester, Uingereza, mwaka 1964.

Alifariki tarehe 9 Oktoba 1973 huko Philadelphia. Kisukari kilikuwa kimeshamfanya akatwe mguu. Alizikwa, na kaburi lake likakaa bila jiwe wala jina kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2008 ndipo watu walipofanya tamasha la kuchangisha fedha, jiwe likapatikana.

Hebu fikiria kidogo. Watu zaidi ya elfu ishirini walitoa hela kuangalia harusi yake, lakini kwa miaka yote ile hela ya jiwe haikupatikana.

2. Bessie Smith na deni lililolipwa na wawili

Kabla ya Rosetta alikuwepo Bessie Smith, mzaliwa wa Chattanooga, Tennessee. Santuri yake ya "Downhearted Blues" ya mwaka 1923 iliuzwa sana, na watu wakamwita Malkia wa Bluzi. Mwaka 1937 alipata ajali ya gari usiku karibu na Clarksdale, Mississippi, akafariki. Maelfu ya watu walikwenda kumuaga Philadelphia. Kisha, kaburi bila jiwe. Miaka thelathini na mitatu!

Mwaka 1970 jiwe liliwekwa, na waliolipa walikuwa wanawake wawili. Mmoja ni Janis Joplin, mwimbaji mzungu aliyejifunza kuimba bluzi kwa kusikiliza santuri za Bessie. Mwingine ni Juanita Green, ambaye utotoni aliwahi kufanya kazi za nyumbani kwa Bessie. Mmoja alikuwa na deni la sauti, mwingine aliwahi kushika ufagio kwenye nyumba ile. Joplin mwenyewe alifariki Oktoba mwaka huohuo, akiwa na miaka 27, hata miezi miwili haijaisha tangu jiwe liwekwe.

Ndugu zangu, hapa fungua Biblia yako, 2 Wamakabayo 12:38-45. Yuda Mmakabayo anakwenda kuwazika askari wake walioanguka vitani. Chini ya nguo zao anakuta hirizi za miungu ya uongo. Yaani walikufa na kosa juu yao! Je, aliwaacha? Hapana. Alisali, akakusanya mchango wa fedha, akaupeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya dhambi zao. Hakuanza kwa kuuliza kama wanastahili. Walikuwa watu wake, na alitumaini ufufuko.

Ndiyo maana kati ya matendo ya huruma Kanisa linatufundisha yote mawili: kuzika wafu, ambalo ni tendo la kimwili, na kuwaombea wazima na wafu, ambalo ni la kiroho. Na hatubaguliwi wa kumwombea. Mtu anaweza kuwa Mpentekoste, Mbaptisti, au mtu ambaye hukujua kabisa alisali wapi. Sala yako haimhitaji kadi ya ubatizo.

3. Robert Johnson: tusiwauze marehemu kwa shetani

Sasa tuje kwenye jambo linalotugusa vijana moja kwa moja. Mara ngapi umesikia, au umesema mwenyewe, kwamba msanii fulani ni Freemason, eti ameuza roho yake ndiyo maana ametajirika? Maneno hayo hayakuanza kwetu.

Robert Johnson alizaliwa Hazlehurst, Mississippi. Inasimuliwa kwamba alikwenda kwenye njia panda usiku wa manane, akamuuzia shetani roho yake ili awe fundi wa gitaa. Hadithi hiyo ilivuma zaidi baada ya kifo chake, wakati yeye hayupo kujitetea.

Tunachokijua ni hiki. Son House, mpiga bluzi aliyemfahamu, alisimulia kwamba mwanzoni kijana huyu alipiga gitaa vibaya hadi watu wanakereka. Akaondoka, na aliporudi akawaacha wote midomo wazi. Alikuwa wapi? Watafiti walipofuatilia walikuta kwamba alirudi maeneo ya kwao, akakaa na mwalimu aitwaye Ike Zimmerman. Walikuwa wakifanya mazoezi usiku makaburini, mahali palipo kimya. Mazoezi, basi! Na kuna jambo lingine ambalo wasimuliaji wa shetani huliruka: mwaka 1930, Johnson akiwa bado kijana mdogo sana, mke wake alifariki wakati wa kujifungua, na mtoto pia. Huyo ndiye mtu tunayemcheka kwa hadithi za njia panda.

Alirekodi nyimbo 29 tu, mwaka 1936 na 1937, kisha akafariki Agosti 1938 karibu na Greenwood akiwa na miaka 27. Leo kuna mawe matatu ya ukumbusho wake, kwenye makaburi matatu tofauti.

Amri ya nane haikomi mtu anapokufa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inazungumzia dhambi ya kumhukumu mtu bila msingi wa kutosha, hata kama umemhukumu moyoni tu. Kanisa limewatangaza watakatifu wengi, lakini halijawahi kumtaja mtu yeyote kwa jina likasema huyu yuko motoni. Kama Kanisa halijathubutu, mimi na wewe na simu zetu tumepata wapi mamlaka hayo?

Sisemi kwamba kila wimbo ni mzuri, au kwamba kila wanachofanya wasanii tukiige. Wengi wa hawa niliowataja waliishi maisha yenye majeraha na makosa. Wimbo una haki ya kupimwa, na mwenendo pia. Ila hukumu ya roho tumwachie Mwenyewe.

4. Thomas Dorsey: kidole kilekile

Wapo wanaosema mkono uliopiga bluzi haufai kupiga wimbo wa Mungu. Nawapa jina moja: Thomas Dorsey. Kijana huyu wa Georgia alikuwa mpiga piano wa bluzi, akijulikana kama Georgia Tom, akifuatana na mwimbaji Ma Rainey. Alipoanza kutunga nyimbo za injili zenye mahadhi yale, makanisa mengi yalimkatalia. Mwaka 1932 alikuwa safarini St. Louis kwa ajili ya mkutano wa injili, akaletewa habari kwamba mke wake, Nettie, amefariki akijifungua. Mtoto naye hakuishi. Katika uchungu ule ndipo alipotunga "Take My Hand, Precious Lord", wimbo ambao Mahalia Jackson aliuimba kwenye mazishi ya Martin Luther King mwaka 1968. Huzuni aliyojifunza kuipiga kwenye bluzi ndiyo aliyompelekea Mungu.

5. Fats Domino: wasingoje wafe

Namalizia na Mkatoliki mwenzetu, Fats Domino wa New Orleans, aliyerekodi "The Fat Man" mwaka 1949. Kimbunga Katrina kilipopiga Agosti 2005 alikuwa nyumbani kwake, mtaa ukajaa maji. Habari zikaenea kwamba amekufa, na mtu mmoja akaandika maneno ya kumuaga kwenye nyumba yake. Kumbe alikuwa ameokolewa kwa boti! Akaishi miaka mingine kumi na miwili, hadi Oktoba 2017. Wengi wetu kwaheri nzuri tunaiandika ukutani mwenye nyumba akiwa hayupo. Yeye alijaliwa kurudi akaisoma.

Mzee wangu wa kinanda hakujaliwa hivyo. Alifariki miaka minne iliyopita, mimi nikiwa chuoni, mbali. Sikuja kwenye mazishi kwa sababu nilikuwa na mtihani. Huo ni ukweli. Ukweli mwingine ni kwamba sikuwahi kumwambia asante, wala kumwomba radhi kwa kile kicheko.

Mwaka jana, tarehe 2 Novemba, baada ya Misa nilikwenda makaburini na mshumaa wangu. Sikuliona kaburi. Msalaba wa mbao ulikuwa umeoza, nyasi zimefunika, na majirani zake wawili hawana majina vilevile. Nilisimama pale na mshumaa kama mjinga. Nikamkumbuka Rosetta, nikajisemea: wale Wamarekani niliokuwa nawalaumu, kumbe ni mimi.

Tukachanga na wanakwaya, hata baadhi ya wale waliokuwa wakimsema. Mzee mmoja wa jumuiya alitusaidia kukumbuka safu. Kaburi lenyewe kati ya yale matatu hatuna uhakika nalo, kwa hiyo tuliyafyekea yote matatu na kuyawekea misalaba mitatu ya saruji. Mmoja una jina lake. Miwili bado mitupu, tunaendelea kuuliza.

Soma Yoshua bin Sira 44:1-15. Katika kuwasifu wazee wa kale anawataja hata watunzi wa muziki, halafu mara moja anawakumbuka wale ambao hakuna kumbukumbu yao iliyobaki, kana kwamba hawakuzaliwa. Mungu hajawasahau hao.

Tutafakari na kutenda

1. Ni nani aliyekufundisha kitu unachojivunia leo, na kaburi lake liko wapi?
2. Ni marehemu gani ambaye umewahi kurudia uvumi juu yake? Mwombee leo kwa jina.
3. Kabla Novemba haijaisha, toa nia moja ya Misa kwa marehemu asiye ndugu yako.
4. Mpigie simu mwalimu mmoja aliye hai. Usingoje.

Tusali

Ee Mungu Baba, wewe unayajua majina yaliyofutika na sauti zilizonyamaza. Wapokee wote waliotufundisha kuimba, nasi hatukurudi kushukuru. Watakase na makosa yao, na sisi ututakase na ndimi zetu. Tunaomba hayo kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mama Bikira Maria, utuombee sisi na marehemu wetu.