Makosa ya zamani ya mchezaji: je, yaongeze adhabu yake?



Somo hili limetoka katika mabishano ya kweli. Katika mchezo wa vijana hapa Kisangani, upande wa Lubunga, kijana mmoja alimsukuma mwamuzi kifuani mpaka akaanguka. Komite ya michezo ilikaa jioni ile ile. Kabla mwamuzi hajaeleza lolote, papa mmoja alisema: "Huyu tunamjua, mwaka jana aliiba bidoni za watu." Mwingine akaongeza: "Na watu wa kwao ndio waliochoma kijiji chetu." Basi kijana akafungiwa kucheza daima. Mchezo uliofuata, nusu ya wachezaji wa ekipe yake hawakuja uwanjani. Mimi nilikuwepo, daftari mkononi, na sikusema neno.

Mambo matatu yalichanganywa pale: kumsukuma mwamuzi, bidoni, na kabila. Tuyatenganishe.

Tuanze na mchezaji tunayemfahamu wote, Trésor Mputu wa TP Mazembe. Mwaka 2010, katika Kombe la Kagame mjini Kigali, yeye na mwenzake Guy Lusadisu walimshambulia mwamuzi. FIFA ilimfungia Mputu miezi 12, na Lusadisu miezi 11. Kwa sababu hiyo Mputu hakuwepo uwanjani Abu Dhabi mwezi wa Desemba mwaka ule, Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazili 2-0 na kuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Nadhani hakuna faini ingemuuma kuliko hapo. Lakini adhabu ile ilikuwa na tarehe ya mwisho. Januari 2013, huko Afrika Kusini, alivaa jezi ya Léopards na kufunga bao katika mchezo wa 2-2 na Ghana. Aliyemaliza adhabu yake alirudi kucheza.

Sasa tuangalie anayerudia. Luis Suárez wa Uruguay alimng'ata mchezaji mwenzake Uholanzi mwaka 2010, akafungiwa michezo 7. Mwaka 2013 alimng'ata mwingine Uingereza, akapata michezo 10. Katika Kombe la Dunia la 2014 akamng'ata Giorgio Chiellini wa Italia. Safari hii FIFA ilimfungia michezo 9 ya taifa, na miezi 4 asiguse kazi yoyote ya mpira. Kung'ata mara ya tatu si sawa na kung'ata mara ya kwanza, na hapo sioni uonevu wowote. Ila tuangalie utaratibu. Siku ile mwamuzi hakuona kitu wala hakutoa kadi, na komite ilitumia picha za video kuhakikisha kitendo chenyewe. Sifa mbaya ya mtu haiwezi kuwa shahidi wa tendo la leo. Kwanza tujue kama amefanya, halafu ndipo tufungue daftari la zamani ili kupima uzito.

Na daftari lenyewe lina mipaka. Kanuni za nidhamu za FIFA za mwaka 2023 zinasema kwamba kurudia kosa kunaongeza uzito wa adhabu, lakini kosa jipya lazima lifanane na la zamani kwa aina na kwa ukubwa, tena liwe ndani ya muda. Muda huo ni mwaka 1 kama adhabu ya kwanza haikupita michezo 2, miaka 10 kwa rushwa na kupanga matokeo, na miaka 3 kwa makosa mengine mengi. Kwa kipimo hicho bidoni hazina nafasi katika komite ya michezo. Kama kweli aliiba, wenye bidoni wana mahali pa kushtaki.

Mama mmoja aliniambia: "Mkifuta kila kitu, mnawafundisha kupiga." Ana haki. Mwamuzi aliyepigwa naye ni mtoto wa mtu, na asipolindwa, kesho hatapatikana wa kushika filimbi. Ndiyo maana naomba kila komite iwe na daftari: tarehe, kitendo, nani alishuhudia, adhabu gani, iliisha lini. Komite isiyo na daftari inahukumu kwa uvumi, na katika uvumi anayesema kwa sauti kubwa ndiye anayeshinda.

Linabaki neno la kabila, ambalo ni la hatari zaidi. Ugomvi wa ardhi kati ya Mbole na Lengola ulioanza mwaka 2023 uliwaleta hapa watu wengi waliopoteza ndugu na nyumba. Uchungu wao ni wa haki. Lakini kijana aliyesukuma mwamuzi anajibu kwa mikono yake mwenyewe. Tukimwongezea adhabu kwa ajili ya moto ambao hakuuwasha, ekipe zetu zilizochanganyika zitagawanyika tena kwa kabila, kama ilivyotokea siku ile nusu ya wachezaji walipobaki nyumbani.

Wiki mbili baadaye tuliomba komite ikae tena. Safari hii mwamuzi alizungumza wa kwanza. Kijana alikubali kosa, akapewa michezo 6, na kuomba msamaha mbele ya ekipe zote mbili.

Mkikaa kujadiliana katika bloki zenu, chukueni swali ambalo sisi lilitushinda. Mtu alimpiga mwamuzi kijijini, mwaka mmoja kabla ya kukimbia. Leo amerudia hapa, na daftari la kule liliungua pamoja na nyumba. Je, kosa lile la kwanza linahama pamoja naye, na nani atalishuhudia? Katika komite yetu watu wanne walisema ndiyo, watatu wakasema hapana.