Mafuta ya Manjano katika Nyama ya Ng'ombe

Wanunuzi wengi hukataa nyama yenye mafuta ya manjano wakidhani ng'ombe alikuwa mgonjwa. Mara nyingi hukosea. Rangi hiyo hutokana na karotini ya majani mabichi, ambayo ng'ombe wa malishoni huihifadhi katika mafuta yake. Wale wanaonenepeshwa zizini Mbulu na Hanang kwa pumba za mahindi na mashudu ya alizeti huwa na mafuta meupe zaidi.

Mashudu ya mashine ndogo za kukamulia hubaki na mafuta mengi; yakizidi, tumbo la ng'ombe hushindwa kumeng'enya nyasi. Tena, vijidudu vya tumboni hugeuza sehemu kubwa ya mafuta hayo kuwa mafuta magumu. Kwa hiyo muuzaji anayepandisha bei akidai nyama yake ina mafuta ya alizeti anatupotosha.

Yapo pia manjano ya ugonjwa. Hayo huenea hadi kwenye kano na utando, na kuyatambua ni kazi ya mkaguzi wa nyama. Tunamshauri mnunuzi aombe kuonyeshwa muhuri wa mkaguzi kabla nyama haijakatwa.