Je, unene wangu utamdhuru mtoto?

Swali: Daktari, nina kilo 92 na urefu wa sentimita 160. Natafuta mimba. Je, uzito huu utamdhuru mtoto?

Jibu: Dada yangu, unaweza kumwathiri, na umefanya vyema kuuliza mapema. Unene huongeza hatari ya kisukari cha mimba: sukari ya mama hupita kwenye kondo, kongosho la mtoto humwaga insulini nyingi, naye hunenepa kupita kiasi; akishazaliwa, sukari yake huweza kushuka ghafla. Utaambiwa wanene wengi hujifungua salama. Ni kweli, lakini hilo halifuti hatari. Wala usijinyime chakula, kwani wembamba uliopitiliza nao huongeza uwezekano wa kuzaa mtoto wa chini ya kilo 2.5. Punguza uzito taratibu kabla ya kushika mimba, pima sukari, na uanze vidonge vya asidi ya foliki.