Wi-Fi Inapopotea Baada ya Kuwekewa Mfumo Endeshi Mpya

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Tangu hapo watumiaji wengi wamepeleka kompyuta mpakato zao kwa mafundi ili wawekewe mfumo mpya. Tuchukue mfano wa mwalimu wa Isongole, wilayani Ileje, anayekwenda Tunduma kwa kazi hiyo. Anarejea nyumbani, anawasha kompyuta, na alama ya Wi-Fi haipo. Anapompigia fundi, anaambiwa kuwa kadi ya Wi-Fi imeungua na anunue nyingine. Kabla hajatoa fedha wala kulipa tena nauli ya Tunduma, tunamshauri afuate somo hili.

Chanzo cha tatizo

Kadi ya Wi-Fi haifanyi kazi peke yake. Inahitaji programu ndogo inayoiwezesha kuelewana na mfumo endeshi. Programu hiyo huitwa kiendeshi; mafundi wengi huiita draiva. Mfumo wa zamani unapofutwa, kiendeshi nacho hufutika. Mfumo mpya huja na viendeshi vya kadi nyingi, lakini si vya zote. Kwa hiyo, ikiwa Wi-Fi ilikuwa nzima hadi siku ya kubadilisha mfumo, shaka ya kwanza iwe kiendeshi, si kadi.

Hatua ya kwanza: hakikisha Wi-Fi haikuzimwa

Angalia kama hali ya ndege imewashwa. Baadhi ya kompyuta zina swichi ya Wi-Fi ubavuni, au kitufe chenye picha ya mnara au ndege katika safu ya juu ya kibodi.

Hatua ya pili: itambue kadi

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika devmgmt.msc, kisha bonyeza Enter. Orodha ya vifaa vya kompyuta itafunguka. Ukiona kifaa kisichotambuliwa, chenye alama ya mshangao ya rangi ya njano, huenda ndicho kadi yako: ipo, ila haina kiendeshi. Katika sifa za kifaa hicho, fungua ukurasa wa maelezo na utafute utambulisho wake. VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, VEN_168C ni Qualcomm Atheros, na VEN_14E4 ni Broadcom. Ikiwa hakuna kifaa chochote cha namna hiyo, hapo ndipo inapofaa fundi afungue kompyuta, kwani kadi inaweza kuwa imelegea, imezimwa katika mipangilio ya awali, au imeharibika kweli.

Hatua ya tatu: pata kiendeshi sahihi

Soma jina na namba ya modeli chini ya kompyuta. Kwa kutumia simu, fungua tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, tafuta modeli hiyo, na upakue kiendeshi cha Wi-Fi kinacholingana na toleo la Windows ulilowekewa. Hamishia faili kwenye kompyuta kwa waya wa USB, lisakinishe, kisha zima na uwashe kompyuta. Epuka tovuti zinazoahidi viendeshi vya kila kompyuta. Nyingi huambatanisha programu hatarishi.

Njia nyingine ni kugawana intaneti ya simu kwa waya wa USB. Kugawana kwa Wi-Fi hakutasaidia, maana kompyuta haiwezi kuipokea. Kwanza iambie Windows kwamba muunganisho huo una kikomo cha data, la sivyo masasisho makubwa yanaweza kumaliza bando lako kabla kiendeshi hakijapatikana.

Tahadhari kwa wakazi wa mpakani

Isongole inapakana na Malawi, na simu inaweza kunasa mtandao wa ng'ambo bila wewe kujua. Kabla ya kuunganisha waya, zima matumizi ya data nje ya nchi na uchague mwenyewe mtandao wa Tanzania. Tazama pia saa: Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja, na kompyuta iliyowekewa mfumo mpya inaweza kuwa na majira ya nchi nyingine kabisa. Chagua majira ya Nairobi, ambayo ndiyo ya Tanzania. Tarehe ikiwa na makosa, Wi-Fi inaweza kuunganika na tovuti bado zikakataa kufunguka.

Kabla ya kumlipa fundi

Kabla ya kazi, hifadhi nakala ya mafaili yako na uombe viendeshi viwekwe kwenye flashi. Hilo ni muhimu zaidi kwa Windows 11, ambayo kwa kawaida hudai intaneti wakati wa kuanzishwa. Kazi ikikamilika, jaribu Wi-Fi, sauti na kamera mbele ya fundi, kisha udai risiti inayotaja kazi iliyofanyika. Ukiambiwa kifaa kimeungua, omba uonyeshwe orodha ya vifaa, na kifaa cha zamani kikibadilishwa, urudishiwe.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko ya aina hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani. Ikiwa tatizo ni bando au mtandao wa simu, anza kwa mtoa huduma wako. Usiporidhika, fika Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ina ofisi ya kanda jijini Mbeya.

Jipime

Je, Wi-Fi ilifanya kazi kabla ya mfumo kubadilishwa? Je, kifaa kinaonekana katika orodha? Je, kiendeshi ni cha modeli yako? Usikubali kununua kadi mpya kabla ya kuyajibu maswali haya matatu.