NYUMBA IKIUNGUA KWA MOTO WA JIKO: TUJUE KUDAI BIMA

Mama amebandika mafuta ya kukaangia maandazi. Mtoto analia nje, naye anatoka mara moja tu. Akirudi, mafuta yamewaka na moto umeshika pazia. Hakuna aliyetaka nyumba iungue. Hiyo ni ajali.

Wengine husema bima ni mambo ya watu wa mjini. Siyo hivyo. Siku hizi vijijini ziko nyumba nyingi za matofali na mabati, zilizojengwa kwa jasho la miaka. Tena ukikopa benki na kuweka nyumba rehani, mara nyingi benki hutaka nyumba hiyo ikatiwe bima. Unalipa ada, unapewa karatasi, unaziweka sandukuni bila kuzisoma. Je, siku ya moto utajua la kufanya? Hilo ndilo somo letu la leo.

Bima ni nini?

Tunavijua vyama vya kufa na kuzikana. Kila mmoja hutoa kidogo, na mwenye msiba husaidiwa. Bima ni jambo la namna hiyo, ila hufanywa na kampuni, kwa mkataba wa maandishi. Wewe hulipa ada. Ukipata hasara iliyotajwa katika mkataba, kampuni hukulipa fidia.

Nchini Tanzania, Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na kwa miaka mingi kazi hii ilikuwa mikononi mwake. Baada ya Sheria ya Bima ya mwaka 1996, makampuni binafsi yaliruhusiwa. Kwa sheria ya mwaka 2009, makampuni yote husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, inayojulikana kwa jina la TIRA.

Soma hati kabla ya moto

Huenda hati ya bima imeandikwa kwa Kiingereza. Usione haya. Mwambie wakala akueleze kwa Kiswahili, nawe andika majibu yake katika daftari. Muulize haya:

1. Bima ni ya nyumba tu, au na vyombo vya ndani pia? Hivi ni vitu viwili. Mpangaji, kwa mfano, nyumba siyo yake, lakini anaweza kukatia bima vyombo vyake.
2. Bima inaanza lini na kwisha lini?
3. Ni sehemu gani ya hasara nitabeba mwenyewe?
4. Yako masharti gani? Kwa mfano, naruhusiwa kuweka petroli ndani?

Nawe useme kweli. Kama jiko lako limeezekwa kwa nyasi na limegusana na nyumba, sema. Ukificha, kampuni inaweza kukataa kulipa baadaye.

Hesabu ya kuangalia sana

Watu wengi hukata bima ndogo ili ada iwe ndogo. Tuone matokeo yake.

Kuijenga nyumba upya ni Sh. 20,000,000. Mwenyewe amekata bima ya Sh. 10,000,000, yaani nusu. Moto unaunguza jiko na chumba kimoja, hasara Sh. 4,000,000. Yeye anafikiri atalipwa zote nne, maana hazizidi kumi. Wapi! Bima nyingi zina sharti hili: ukikata bima ya nusu, unalipwa nusu ya hasara. Atapata Sh. 2,000,000. Kama mkataba unasema abebe mwenyewe Sh. 100,000, atabaki na Sh. 1,900,000.

Kwa hiyo taja gharama halisi ya kuijenga nyumba upya. Usihesabu bei ya kiwanja, maana ardhi haiungui.

Siku ya moto

Kwanza watu, mali baadaye. Mafuta yakiwaka, usimwage maji! Maji hugeuka mvuke ghafla na kurusha mafuta yenye moto kila upande. Funika sufuria kwa mfuniko na uzime jiko kama unaweza kulifikia. Usiinyanyue sufuria. Moto ukizidi, toeni watu wote na piteni mbali. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Baada ya moto

1. Iarifu kampuni mapema, siku hiyo au kesho yake. Hati hutaja muda. Piga simu, kisha peleka barua na ubaki na nakala.
2. Toa taarifa polisi na kwa mtendaji wa kijiji. Kama zimamoto walifika, omba ripoti yao.
3. Piga picha kabla ya kufagia. Usitupe vitu vilivyoungua mpaka mkaguzi wa kampuni avione.
4. Zuia hasara isiongezeke. Paa likiwa wazi, funika kwa turubai. Tunza risiti ya turubai hilo.
5. Andika orodha ya vitu vyote: kitu gani, kilinunuliwa mwaka gani, kwa bei gani. Usisahau dari iliyoharibiwa na moshi, wala godoro lililoloweshwa na maji ya kuzimia moto. Kwa kawaida hayo nayo ni hasara ya moto.

Usiongeze kitu ambacho hukuwa nacho. Redio moja ya uongo inaweza kukukosesha fidia yote. Ujue pia kwamba kitanda cha miaka 10 hakilipwi kama kitanda kipya, isipokuwa mkataba umesema hivyo.

Mtu mwingine huogopa kudai. Anasema, "Si mimi niliyesahau sufuria? Watanilipaje?" Kusahau siyo kuchoma nyumba kwa makusudi. Ajali kama hizo ndizo zinazofanya watu wakate bima. Eleza kweli jinsi ilivyotokea. Anayechoma nyumba yake ili apate fedha hatalipwa, na kisha atashtakiwa.

Kabla ya kutia sahihi

Kampuni ikikubali kulipa, itakuletea karatasi ya kutia sahihi kwamba umeridhika. Isome yote! Ukishatia sahihi kwamba hayo ni malipo kamili, ni vigumu kudai tena. Kama kiasi ni kidogo, uliza kimehesabiwa vipi. Lete makadirio ya fundi wako.

Wakikataa kulipa, waambie waandike sababu. Neno la mdomo halitoshi. Peleka barua hiyo pamoja na nakala zako TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ofisi hizo ziliwekwa kwa ajili ya wananchi kama sisi.

Kazi ya leo

Ndugu wasomaji, moto huunguza hata karatasi. Kwa hiyo leo jioni chukueni daftari. Ingieni chumba kwa chumba, muandike vyombo vyote na bei zake. Andikeni pia namba ya hati ya bima na simu ya kampuni. Nakala moja iwekeni kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine. Kalamu tuliyojifunza kuishika katika kisomo ndiyo itakayotutetea siku hiyo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini tusimwage maji kwenye mafuta yanayowaka?
2. Nyumba ya Sh. 12,000,000 imekatiwa bima ya Sh. 9,000,000. Hasara ni Sh. 2,000,000. Kwa sharti tulilolisoma, mwenyewe atalipwa kiasi gani?
3. Katika kijiji chenu, majiko yamejengwa wapi? Mnaweza kufanya nini ili moto wa jiko usifike nyumbani?

(Jibu la swali la 2: Sh. 1,500,000, kabla ya kutoa sehemu anayobeba mwenyewe.)