Kasuku wa Opala na Nduguye wa Magharibi

Mkaaji wa Opala, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akiambiwa kasuku yuko hatarini, huenda akacheka. Makundi yanapita juu ya mto Lomami yakipiga kelele. Hatari iko wapi? Swali ni la haki, na jibu lake linaanzia kwenye uainishaji.

Tumtazame mwili. Vidole viwili mbele, viwili nyuma, mdomo uliopinda ambao hata taya lake la juu hucheza: hiyo ni oda ya Psittaciformes. Ndani yake imo familia ya Psittacidae, kisha jenasi Psittacus, ya Afrika pekee. Mwaka 1758 Carl Linnaeus alimwita kasuku wetu Psittacus erithacus. Ana manyoya ya kijivu, mdomo mweusi na mkia mwekundu kama mawese mabichi. Sierra Leone, Liberia na magharibi mwa Côte d'Ivoire yuko mwingine, mdogo zaidi na wa kijivu kilichokolea, mkia wake rangi ya damu ya mzee. Kwa miaka mingi alihesabiwa nususpishi tu. Mwaka 2012 shirika la BirdLife International likamtambua kuwa spishi kamili, Psittacus timneh.

Ubishi wa wataalamu, utasema. Lakini hali ya uhifadhi hupimwa spishi kwa spishi. Walipokuwa katika daftari moja, ukubwa wa misitu ya Kongo ulificha uchache wa kule magharibi.

Mwaka 2016 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, iliwaweka wote wawili katika daraja la walio hatarini kutoweka. Hapo haikuhesabu waliobaki tu. Ilipima kasi ya kupungua, nusu au zaidi katika vizazi vitatu, yaani miaka 47 hivi kwa kasuku wa Opala. Kijana wa leo hana alichokiona zamani cha kulinganisha. Ghana, nyumbani kwa spishi hiihii ya Opala, imepoteza asilimia 90 hadi 99 tangu 1992.

Sababu za kupungua huku ni mbili: kukatwa miti mirefu yenye mapango ya kutagia, na ulimbo wa wategaji. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini ilipigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, kuanzia Januari 2017, na Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyoundwa 2016, inagusa eneo la Opala. Basi ukiuziwa kasuku Kisangani, usinunue: pesa yako ndiyo itakayompandisha mtegaji mtini kesho.