MAITI ZA MISRI NA UGONJWA WA MISHIPA

Katika kitabu cha Mwanzo twasoma ya kuwa Yakobo alipokufa katika nchi ya Misri, Yusufu mwanawe aliwaamuru waganga waupake mwili wake dawa, na kazi hiyo ikachukua siku arobaini. Desturi hiyo ilikuwa ya Wamisri. Walitoa maini, mapafu na matumbo, wakaukausha mwili kwa magadi, wakaupaka utomvu wa miti, kisha wakauviringa kwa nguo za kitani, tabaka juu ya tabaka. Lakini moyo waliuacha mahali pake, kwa maana walidhani ya kuwa akili ya mtu imo moyoni. Mwili uliotengenezwa hivyo huitwa mumia, na mumia nyingi zimedumu zaidi ya miaka 3,000.

Zamani mtu aliyetaka kujua mambo yaliyomo ndani ya mumia hakuwa na njia ila kuzifungua nguo zake na kuupasua mwili. Kazi hiyo iliharibu kitu kisichoweza kutengenezwa tena, na kumvunjia marehemu heshima yake. Njia iliyo bora ilipatikana mwaka wa 1895, wakati Wilhelm Röntgen, mwalimu wa chuo kikuu katika mji wa Würzburg, Ujerumani, alipovumbua miali ya eksirei. Miali hiyo hupenya nguo na nyama, bali mifupa huizuia, kwa hiyo mifupa huonekana katika picha. Mwaka uliofuata mumia zilikwisha kupigwa picha. Mwaka wa 1903 mumia ya Farao Thutmose IV ilipakiwa katika gari la kukodi huko Cairo, ikapelekwa kupigwa picha kama mgonjwa aendaye kwa daktari.

Lakini picha ya eksirei ni kama kivuli ukutani: vitu vya mbele na vya nyuma huonekana vimelaliana. Mwingereza mmoja, Godfrey Hounsfield, alitengeneza mashine ya kuondoa taabu hiyo, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha kwayo mwaka wa 1971. Mashine hiyo, iitwayo CT, hupiga picha kwa kumzunguka mtu pande zote, kisha kompyuta huziunganisha, hata mwili ukaonekana kama mkate uliokatwa vipande vyembamba, na kila kipande huweza kutazamwa peke yake.

Sasa sikilizeni jinsi mashine hiyo ilivyokata shauri moja. Madaktari wawili wa moyo, Adel Allam wa Misri na Gregory Thomas wa Marekani, walikuwa katika Nyumba ya Makumbusho ya Cairo. Hapo palikuwa na kibao cha Farao Merneptah, kilichosema ya kwamba alipokufa, umri wake wapata miaka 60, alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya damu kuwa migumu. Katika ugonjwa huo mafuta hujikusanya katika kuta za mishipa, baadaye chokaa huingia humo, na njia ya damu ikawa nyembamba. Mshipa wa moyo ukizibika, mtu aweza kufa ghafula. Watu wengi waliuita ugonjwa wa siku hizi, uletwao na sigara, vyakula vya mafuta na kukaa bila kazi ya mwili. Thomas hakuamini maneno ya kibao kile.

Basi wakaazimu kuchungua. Mwezi wa Februari 2009 walizipitisha mumia katika mashine ya CT. Chokaa huzuia miali kama mfupa, kwa hiyo mshipa uliougua huonekana mweupe. Katika mumia 16 zilizokuwa bado na moyo au mishipa, 9 zilikuwa na dalili, nyingine za hakika, nyingine za kuelekea hakika. Binti mfalme Ahmose-Meryet-Amon, aliyeishi zaidi ya miaka 1,500 kabla ya Kristo, alionekana kuwa na chokaa hata katika mishipa ya moyo wake.

Watu wengine wakasema, “Hao walikuwa matajiri waliokula vinono.” Neno hilo lilikuwa la haki. Kwa hiyo wataalamu wakatazama pia maiti za watu wa Peru, za Wapueblo wa kale wa Marekani, na za wawindaji wa visiwa vya Aleutian. Mwaka wa 2013 walitangaza ya kuwa katika mumia 137, dalili zilionekana katika 47, na hakuna hata nchi moja katika hizo nne iliyokosa wagonjwa. Waliokufa wazee walikuwa na dalili zaidi ya vijana. Wataalamu hao wamedhani ya kuwa huenda moshi wa meko na maradhi ya kuambukiza pia yalidhuru mishipa.

Lakini asiseme mtu, “Ikiwa wafalme wa kale waliugua, na mimi nivute sigara nipendavyo.” Wamisri hao hawakuijua tumbaku, na hata hivyo waliugua. Mwenye kuvuta aongeza mzigo juu ya mzigo ambao mwanadamu amekuwa nao tangu kale.

MASWALI

1. Kwa nini Wamisri waliuacha moyo mwilini?
2. Picha ya CT yapitaje picha ya eksirei kwa ubora?
3. Mshipa uliougua huonekanaje katika picha, na kwa sababu gani?
4. Kwa nini haikutosha kuchungua mumia za Misri peke yake?